Kompyuta ya jikoni kwa kutumia kishikwambi: jinsi ya kuifunga na kuiseti ili nyumba nzima ijue ratiba

Nyumba nyingi ratiba yote ya familia iko kichwani kwa mtu mmoja na mara nyingi huyo mtu ni mama. Yeye ndo anajua kesho wa darasa la tatu anavaa trakisuti, kliniki ya mdogo ni Alhamisi, LUKU imebaki uniti ngapi, gesi ilibadilishwa lini, mchango wa harusi ya binamu mwisho tarehe ngapi na kikao cha wazazi kimesogezwa. Siku akisafiri au akiumwa simu haipumziki, kila mtu anapiga kuuliza kitu ambacho kingeandikwa mahali pamoja kila mtu angekiona. Mwongozo huu ni wa kuhamisha hayo yote kutoka kichwani kwake kwenda ukutani jikoni, kwenye skrini ya kugusa ambayo baba, watoto, bibi na dada wa kazi wote wanaisoma na wote wanaiandikia.

Wazo lenyewe ni la zamani sana. Mwaka 1969 duka la Neiman Marcus la Marekani liliweka kwenye katalogi yake kompyuta ya Honeywell ya kutunzia mapishi, bei dola 10,600, na hakuna rekodi kwamba iliuzwa hata moja. Kuitumia ilibidi usome kozi ya wiki mbili, kuingiza kitu unabonyeza swichi mbele ya mashine na majibu unasoma kwenye vitaa. Nakumbusha hii kwa sababu tatizo lake ndo hilo hilo linaloua miradi ya namna hii mpaka leo, yaani kuandika jambo kukichukua muda mrefu kuliko kuchukua kalamu na karatasi, watu wanarudi kwenye karatasi. Kila hatua hapa chini nimeipanga nikifikiria hilo.

1. Kutafuta kifaa

Usinunue kompyuta mpya kwa kazi hii. Kishikwambi, vile tulivyovizoea tangu sensa ya Agosti 2022, kinatosha kabisa, hata kilichotumika. Tafuta cha inchi 10, RAM kuanzia 3GB, Android 10 kwenda juu. Cha inchi 7 kiache, maandishi yake huwezi kuyasoma ukiwa umesimama kwenye jiko. Kama nyumbani kuna laptop ya zamani ya kugusa nayo inafaa, ila inakula nafasi na inapata moto. Wale wanaopenda ufundi wanaweza kutumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, na skrini yake ya inchi 7 wakaweka programu ya bure ya MagicMirror, inapendeza sana kwa macho lakini ni ya kutazama zaidi kuliko kuandika, na sisi tunataka kuandika.

Ukienda Kariakoo au popote kununua cha mtumba, kuna mambo ya kuangalia palepale dukani kabla hujatoa hela. Mwambie muuzaji akirudishe kwenye setingi za kiwandani (factory reset) mbele yako halafu kikiwaka uone kama kinaomba imeili na paswedi ya mtu mwingine. Kikiomba, kiache hapo hapo hata bei iwe tamu vipi, hiyo ni kinga ya Google dhidi ya wizi na bila mwenye akaunti hutafanya kitu. Kama kina sehemu ya laini tafuta namba ya IMEI, yaani ya utambulisho wa kifaa, kwa *#06# au kwenye setingi uitume kwa meseji kwenda 15090, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, watakujibu ni cha kampuni gani na modeli gani, kama jibu halifanani na ulichoshika mkononi ondoka. Kisha kilaze mezani ukitazame kwa ubavu, kama kioo kimenyanyuka au mgongo una tumbo basi betri imevimba. Mwisho vuta alama ya apu moja kwa kidole taratibu kwenye skrini nzima, kona zote, ukiona inadondoka mahali fulani basi pale pamekufa.

2. Mahali pa kukiweka

Hapa usiharakishe maana ukishatoboa ukuta umetoboa. Mbali na jiko angalau mita moja, na pia mbali na sinki. Mvuke wa ugali na mafuta ya kukaangia vinatengeneza utando kwenye kioo na tone la maji likikaa kwenye skrini ya kugusa yenyewe inadhani ni kidole, inaanza kujibonyeza ovyo. Sehemu nzuri kuliko zote ni ukuta wa mlangoni, pale ambapo kila anayeingia kunywa maji lazima apite. Urefu kutoka sakafuni weka kama sentimita 130 hadi 140, mtoto wa darasa la pili anafikisha mkono na mtu mzima hainami sana.

Kama nyumba ni yako, fundi atoboe kwa kekee, aweke plagi za plastiki na skrubu, akutengenezee fremu ya mbao yenye mdomo chini ili kishikwambi kikae na kutoka kirahisi. Kisigundishwe kwa gundi jamani, kuna siku utataka kukitoa. Nyumba ya kupanga mwambie fundi seremala akuchongee kisimamio cha mbao cha mlalo kidogo, unakiweka juu ya kabati au juu ya friji, kazi inaenda vilevile. Waya wa chaja upite kwenye tranki ya plastiki ya kufichia waya ukutani, usining'inie juu ya kaunta ambako kuna maji na kisu. Na soketi yake usiichangie kwenye ekstensheni moja na blenda na jagi la kuchemshia.

3. Umeme na betri

Watu wengi wanachomeka chaja wanaacha mwaka mzima. Betri ya lithiamu ikikaa imejaa asilimia 100 saa zote, tena jikoni penye joto, inachoka haraka na inaweza kuvimba. Samsung nyingi zina sehemu ya kulinda betri kwenye setingi ambayo inazuia chaji isijae mpaka mwisho, iwashe. Kama chako hakina, nunua soketi ya taima.

Na taima ina faida ya pili ambayo mi naipenda zaidi. Ingia kwenye setingi, sehemu ya kuhusu kifaa, gonga "Build number" mara 7, utapata menyu mpya ya "Developer options", humo washa "Stay awake". Maana yake skrini haizimi muda wote ambao kinachaji. Sasa seti taima iwake saa 11 alfajiri mpaka saa 2 asubuhi, halafu saa 11 jioni mpaka saa 4 usiku. Vishikwambi vingi vinaamka vyenyewe umeme ukiingia, kwa hiyo ratiba inakuwa wazi ukutani zile saa za purukushani, watu wakijiandaa asubuhi na wakirudi jioni, mchana inalala na betri inapumzika. Umeme ukikatika kishikwambi kinaendelea na betri yake na kalenda iliyokwisha kuingia inasomeka bila intaneti, ulichoandika kitaenda kwa wenzako waifai ikirudi.

4. Akaunti ya nyumba

Hii ndo hatua ambayo nasisitiza kuliko zote. Fungua akaunti mpya ya Google kwa ajili ya nyumba, sio ya baba wala ya mama. Kifaa cha ukutani hakina paswedi kwenye skrini, kingekuwa nayo hakuna ambaye angekitumia, kwa hiyo kila anayeingia jikoni anaona kilichomo, wageni, fundi bomba, watoto wa jirani. Ukiweka akaunti yako binafsi umeweka imeili zako na picha zako pale. Usiweke WhatsApp humo, usiweke M-Pesa wala apu ya benki, usisevu paswedi yoyote kwenye brauza. Paswedi ya akaunti ya nyumba wajue watu wazima wawili, na namba ya kuirudisha iwe simu ya mmoja wao.

Ukishaingia badilisha lugha ya kifaa iwe Kiswahili kama kuna mtu nyumbani Kingereza kinampa shida, ongeza ukubwa wa maandishi hatua moja au mbili, hakikisha saa iko kwenye majira ya kwenu. Halafu futa au zima kila apu usiyohitaji. YouTube na michezo ni za kwanza kuzima, na hapa naomba wazazi msilegee, siku katuni ikiingia kwenye skrini ya jikoni ratiba haitaonekana tena maana kutakuwa na mtoto amekaa mbele yake muda wote. Play Store weka paswedi. Pia kuna kitu cha kubandika apu kwenye setingi za usalama, ukibandika kalenda mtoto hawezi kutoka nje yake kirahisi.

5. Kalenda

Kutengeneza na kugawa kalenda ni rahisi zaidi kwenye brauza ya kompyuta, fungua Google Calendar kwa akaunti ya nyumba. Usitengeneze kalenda moja ya vitu vyote na usitengeneze kumi. Mimi ningeanza na hizi: moja kwa kila mtoto, moja ya wakubwa, moja ya nyumba yenyewe yaani bili na gesi na matengenezo, na moja ya ukoo ambayo ni harusi, misiba, arobaini, vikao na michango. Kila moja rangi yake na rangi zisibadilike, mtoto ambaye hajajua kusoma akishajua yeye ni ya kijani atakuja kuangalia mwenyewe kama kesho kuna kijani.

Kisha kila kalenda igawie imeili ya baba, ya mama na mtoto mkubwa mwenye simu, ukichagua ruhusa ya kubadilisha matukio na sio kuona tu. Wao watapata imeili yenye linki, lazima waifungue na kukubali, wengi wanakwama hapo wanasema haifanyi kazi kumbe hawajabonyeza linki. Na kengele za kukumbusha kwenye kalenda ya kugawana kila mtu anajiwekea kwenye simu yake, ukiweka wewe hazimfikii mwenzio, kwa hiyo shika simu ya kila mmoja useti.

Kuhusu saa. Kalenda inaandika 07:00 na bibi na dada wanasoma saa saba, hapo ndo mtoto anachelewa gari la shule au anapelekwa kliniki mchana. Dawa ni kuandika saa yetu kwenye jina la tukio lenyewe, "Kliniki ya mdogo, saa 2 asubuhi, beba kadi". Ndani ya maelezo weka anayempeleka na nauli iko wapi. Tukio ambalo halina jina la mhusika linaishia kila mtu kudhani mwenzie ataenda.

Vitu vya kuingiza siku ya kwanza, kaeni watu wawili mezani na makaratasi yote:
- tarehe za kufungua na kufunga shule, muhula wa Januari na wa Julai, mitihani, na tarehe ya kila awamu ya ada, pamoja na ukumbusho wiki tatu kabla ya ada
- kliniki na chanjo kutoka kwenye kadi ya mtoto, dawa za bibi za presha zinapokaribia kuisha
- kodi ya nyumba, taka, ulinzi, maji, king'amuzi, bando la intaneti
- sikukuu. Za taifa zina tarehe zake, Muungano 26 Aprili, Saba Saba, Nane Nane, 14 Oktoba, 9 Desemba na nyinginezo, Google wana kalenda ya sikukuu za nchi unaiongeza kwa kubonyeza tu. Idi inategemea mwezi kuandama kwa hiyo andika kwenye siku zote mbili kwa alama ya kuuliza, halafu usiku wa mwezi mnafuta moja

Mwisho kwenye skrini ya mwanzo ya kishikwambi weka wijeti ya ratiba ya kalenda, yaani kidirisha kinachoonesha ratiba bila kufungua apu, ivute mpaka ishike nusu ya kushoto. Kulia tutaweka kitu kingine.

6. Orodha ya sokoni na dukani

Kulia weka Google Keep, apu ya Google ya noti na orodha. Tengeneza orodha mbili za viboksi, moja ya sokoni na moja ya dukani, zigawie simu za wanaonunua, halafu ziweke kama wijeti. Faida ya orodha ya Keep ni kwamba huianzi upya kila wiki. Andika mara moja vitu vyote ambavyo nyumba yenu inatumia, unga wa sembe, mchele, sukari, chumvi, mafuta, majani ya chai, sabuni ya unga, dawa ya meno, kiberiti, vyote viweke tiki. Kilichotikiwa kinashuka chini. Sukari ikiisha unaondoa tiki tu, inapanda juu na baba akiwa dukani anaiona kwenye simu yake, akinunua anatiki inashuka tena. Mguso mmoja. Hata dada ambaye kuandika kunampa tabu anaweza, na kwa ambaye hasomi kabisa piga picha za paketi zenyewe uzibandike kwenye noti.

Jikoni mikono huwa na unga au mafuta, kwa hiyo fundisheni watu kutumia kipaza sauti kwenye kibodi ya Gboard. Lugha weka Kiswahili, kipo cha Tanzania na cha Kenya, unagusa kwa kifundo cha kidole kisafi unasema "nyanya, hoho, dagaa" na inaandika. Majina ya mitaani ya bidhaa itakosea, sio mbaya, mradi anayenunua anaelewa. Waifai iwe imewaka.

Mazungumzo yenyewe jikoni yanabadilika. Zamani ni "Dada, sukari ipo?" "Imebaki ya chai ya kesho tu mama", na mama yuko ofisini anakumbuka akiwa ameshapita duka. Sasa dada anakuwa ameshaondoa tiki tangu asubuhi alipofungua mkebe.

7. LUKU, gesi na namba muhimu

Noti moja ya Keep iite Namba za Nyumba, ndani yake namba ya mita ya LUKU, namba ya akaunti ya maji, fundi umeme, fundi bomba, anayeleta gesi, mwalimu wa darasa, dereva wa gari la shule, hospitali ya karibu. Mtu akikwama saa nne usiku umeme umeisha na mama amelala, namba ya mita iko ukutani, ananunua kwa simu yake anaingiza tokeni zile tarakimu 20 maisha yanaendelea. Tokeni yenyewe ibandikwe pia kwenye noti mpaka iingie kwenye mita.

Gesi ina ujanja wake. Kila mnapofunga mtungi mpya andika kwenye kalenda ya nyumba "Gesi mpya kilo 15". Baada ya mitungi miwili mitatu mtaona kwenu inakaa siku ngapi, basi wekeni ukumbusho siku nne kabla. Kuishiwa gesi maharage yakiwa nusu kunaepukika kabisa kwa hili tu.

8. Kuifanya itumike

Matangazo ya shule yanakuja kwenye magrupu ya WhatsApp katikati ya salamu na pole na hongera, na yanapotea humo. Kanuni iwe moja, aliyeliona kwanza ndiye anaingiza kwenye kalenda papo hapo kwenye simu yake, asimtumie mwenzie "ona hii". Jumapili jioni baada ya chakula simameni wote mbele ya skrini dakika kumi, pitieni wiki inayokuja, nani anampeleka nani, hela ya nini inahitajika siku gani. Watoto waache wasome wenyewe kwa sauti.

Dada wa kazi mpe mafunzo kama mtu wa nyumba hii na sio kwa kuchungulia. Mwoneshe kuondoa tiki, mwoneshe kusoma kesho kuna nini, na siku yake ya mapumziko iandikwe kwenye kalenda ile ile ukutani kila mtu aione na aiheshimu, baba asije akapanga wageni siku hiyo. Bibi naye akitaka daftari lake mwacheni nalo, mjukuu mmoja apewe kazi ya kuhamisha ya bibi kwenda ukutani kila jioni.

Wiki za mwanzo mama atajibu maswali kwa mdomo kwa mazoea. Badala yake aseme "nenda kaangalie", kwa upole lakini kila mara, hata kama jibu analo.

9. Usafi na matunzo

Kioo futa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, skrini ikiwa imezimwa, mafuta yakigoma weka tone la sabuni ya vyombo kwenye kitambaa na sio kwenye kioo. Jik na dawa za kusugulia sufuria zisikaribie. Kila mwisho wa mwezi kitoe kwenye fremu, kizime na kukiwasha, pokea masasisho, futa orodha zilizokufa, na kigeuze ukitazame mgongo. Ukiona tumbo au kioo kinaachana na fremu, chomoa chaja, usikibonyeze kirudi wala usitoboe, kitoe nje ya jiko na umpelekee fundi wa simu abadilishe betri. Ratiba yenu haipotei, iko kwenye akaunti ya nyumba, kwa hiyo wakati kipo kwa fundi mtaisoma kwenye simu, na hata kikifa kabisa mkinunua kingine mnaingia kwa akaunti ile ile mnarudisha wijeti zenu.